Kuhamishia Mchezo wa Njozi kwenye Kanuni za Toleo la Tano: Mwongozo Kamili wenye Mifano ya Nyanza na Magharibi

Makundi mengi yanayocheza michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo msimulizi hueleza hali, wachezaji huamua wahusika wao watafanya nini na dadu hutoa hukumu, huanza na kanuni zilizotungwa nyumbani. Kundi letu la Kisumu lilianza hivyo. Tulikuwa na dadu mbili za kawaida za pande sita, sifa nne za mhusika, na ulimwengu uliojengwa kwa masimulizi ya kandokando ya Ziwa Victoria. Kanuni hizo zilitutosha sisi wenyewe, lakini kila mgeni alilazimika kufundishwa kuanzia mwanzo, na hakuna mtu wa Nakuru au Kakamega aliyeweza kuuchezesha mchezo wetu bila mmoja wetu kuwepo. Wachezaji wengi wanaoanza siku hizi huzijua kwanza kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2024, na ndiyo maana tuliamua kuhamia huko.

Katika kazi hii yote nakuomba ushikilie jambo moja. Kinachohamishwa si namba zilizo kwenye karatasi ya mhusika, bali ni kile ambacho namba hizo humfanyia mchezaji mezani: hufaulu mara ngapi, huanguka baada ya mapigo mangapi, na huogopa nini. Mtu anayenakili namba moja kwa moja hubaki na majina ya mchezo wake yaliyovikwa tabia ya mchezo mwingine.

Hatua ya kwanza: andika kisichoguswa

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha kanuni, waulize wachezaji wako wanakumbuka nini katika vipindi mlivyocheza, kisha utafute kanuni iliyozaa kila kumbukumbu. Usiwaulize wanapenda kanuni gani, kwa kuwa wengi hawakumbuki kanuni, hukumbuka matukio. Kwetu yalijitokeza mambo matatu. La kwanza ni hofu ya jeraha: mhusika alikuwa na nafasi tatu za majeraha, la nne likamuua, kwa hiyo hakuna aliyeingia vitani bila kufikiri. La pili ni kwamba uganga ulichukua muda na ulihitaji watu. La tatu, ambalo naliona kuwa ndilo roho ya mchezo, ni Heshima.

Heshima ilikuwa hesabu ya kuanzia 0 hadi 6 iliyomilikiwa na kundi zima. Ilipanda wahusika walipotimiza ahadi, walipolipa deni la ng'ombe au walipomzika mtu wasiyemjua, na ilishuka walipomfukuza mgeni mlangoni. Anayeijua hadithi ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, ataelewa mara moja kanuni hiyo ilitoka wapi. Inasimuliwa kwamba hapo palikuwa na kijiji, bibi kizee akafika usiku wakati wa sherehe akiomba kupokewa, akafukuzwa, na kijiji kikazama pamoja na watu wake. Heshima ilipofika 0 katika mchezo wetu, nchi yenyewe iliwageuka wahusika: mito ilijaa, vivuko vilipotea, na wenyeji hawakufungua milango.

Toleo la tano lina vitu viwili vinavyofanana na Heshima kwa mbali, na kishawishi cha kuitumbukiza humo ni kikubwa. Kimoja ni haiba, sifa ya mtu binafsi ya kuwavuta na kuwashawishi wengine. Kingine ni zawadi ambayo msimulizi humpa mchezaji aliyeigiza vyema, inayomruhusu kurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa. Vyote viwili havifai. Haiba haishuki kwa sababu mtu amevunja ahadi, na ile zawadi mtu ama anayo ama hana, wala haiwezi kulimbikizwa na kijiji kizima. Heshima basi ibaki kama ilivyo, ikiwa na mstari wake wenyewe juu ya karatasi ya kundi. Kila kitu ulichokiandika katika hatua hii kipe uamuzi wa namna hiyo mapema, kwa sababu ukichelewa, kanuni mpya zitakufanyia uamuzi bila wewe kutambua.

Hatua ya pili: chagua hati ya kanuni na uielewe leseni yake

Huhitaji kununua vitabu ili kuanza. Mnamo Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye mchezo huo, ilitoa hati ya msingi ya kanuni, toleo 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons inayodai mtumiaji ataje chanzo, na mwaka 2025 ikatoa hati ya 5.2 inayofuata marekebisho ya 2024 kwa leseni hiyo hiyo. Leseni hiyo inakuruhusu kunakili, kubadilisha na hata kuuza kazi yako, mradi unaweka tamko la chanzo. Hati ya 5.1 ina fani 12 za wahusika, yaani aina za kazi kama askari au mwimbaji, kila fani ikiwa na tawi moja, pamoja na uganga mwingi na mamia ya viumbe. Baadhi ya viumbe maarufu, kama vile beholder na mind flayer, hawamo, kwa hiyo usiwaweke katika kazi utakayoisambaza.

Chagua hati moja na usichanganye kiholela. Hesabu zote zilizo katika mwongozo huu zinafuata 5.1, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Hatua ya tatu: hamisha uwezekano wa kufaulu

Hapa ndipo makundi mengi hupotea. Mchezo wetu ulitumia dadu mbili za pande sita, na jambo la kawaida lilihitaji jumla ya 8 au zaidi. Kati ya matokeo 36, 15 hufikia hapo, yaani asilimia 42. Mhusika mwenye nyongeza ya 1 alifaulu kwa asilimia 58, mwenye 2 kwa asilimia 72, na mwenye 3 kwa asilimia 83. Linganisha na dadu moja ya pande 20, ambayo kila nyongeza ya 1 huongeza asilimia 5 tu. Kwa hiyo nyongeza moja ya zamani, katikati ya mizani, ina uzito wa nyongeza tatu za sasa. Mchezaji aliyejivunia +2 yake kisha akaandikiwa +2 kwenye karatasi mpya amenyang'anywa zaidi ya nusu ya umahiri wake, hata kama namba haikubadilika.

Kanuni ya kukokotoa ni rahisi: chukua 21, jumlisha nyongeza ya mhusika, toa namba ya kufikia, kisha gawanya kwa 20. Mhusika mwenye +5 anayehitaji kufikia 12 anapata 14 juu ya 20, yaani asilimia 70.

Namba hiyo 12 sikuitaja kwa bahati. Toleo la tano linapendekeza 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa jambo la wastani na 20 kwa jambo gumu, na msimulizi mgeni huifuata 15 kila mahali. Lakini mhusika wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, akiwa na sifa ya 16 inayompa +3 na nyongeza ya umahiri ya +2, ana +5 tu katika jambo analolijua zaidi, na mbele ya 15 hufaulu kwa asilimia 55. Mvuvi aliyezaliwa ufukweni hawezi kushindwa kusoma upepo karibu mara moja kati ya mbili. Tulipoijaribu 12, mizani yetu ya zamani ilikaa sawasawa: asiye na ujuzi wowote ana asilimia 45 mahali pa 42, mwenye +3 ana 60 mahali pa 58, na mwenye +5 ana 70 mahali pa 72. Asilimia 83 ya mabingwa wetu wa zamani huhitaji +8, ambayo mhusika huipata takriban kwenye ngazi ya 8 au 9. Kwa hiyo tuliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kanuni zetu kwamba jambo la kawaida ni 12, jambo gumu ni 16, na 20 huitishwa mara chache.

Kama mchezo wako unatumia asilimia moja kwa moja, kazi ni fupi zaidi. Ujuzi wa asilimia 65 ni mafanikio 13 kati ya 20, na mbele ya 12 hayo ni +4. Fanya hesabu hii kwa stadi tatu au nne tu zinazotumika sana, kisha uzipange nyingine kwa kuzilinganisha na hizo.

Hatua ya nne: sifa na fani

Sifa zetu nne zilikuwa Nguvu, Wepesi, Akili na Moyo, na kanuni mpya zina sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Mpe mchezaji seti ya kawaida ya 15, 14, 13, 12, 10 na 8, mwache agawanye Nguvu yake ya zamani kati ya nguvu na ustahimilivu, na Moyo wake kati ya busara na haiba. Mgawanyo huo humlazimisha aseme mhusika wake ni mtu wa namna gani, na mchungaji na mvuvi ambao zamani walikuwa na Nguvu sawa hutoka wakiwa watu wawili tofauti.

Kuhusu fani, ushauri wangu ni mkali: usitunge fani mpya mpaka umeshindwa kabisa kutumia iliyopo. Kutunga fani ya ngazi 20 ni kazi ya miezi, na wachezaji wageni uliowafungulia mlango watasimama tena nje. Mara nyingi kinachohitajika ni kueleza upya. Mpiga nyatiti wetu alikaa vizuri ndani ya fani ya mwimbaji, ambaye humpa mwenzake dadu ya ziada ya pande sita ili aijumlishe kwenye mrusho wake. Tuliongeza sharti moja tu lililotoka kwenye pakruok, ule utamaduni wa Waluo wa kuukatiza muziki ili mtu ajisifu au amsifu rafiki yake: anayepewa dadu lazima kwanza ajisifu kwa sauti, mezani, kwa jina la ukoo au la kijiji chake. Kanuni haikubadilika hata kidogo, lakini kila dadu iliyotolewa ilileta kipande cha hadithi.

Hatua ya tano: uhai na majeraha

Pengo kubwa kuliko yote liko hapa. Katika toleo la tano, askari wa ngazi ya kwanza mwenye ustahimilivu wa 14 ana pointi 12 za uhai, na pigo la wastani la adui mdogo kama goblini huondoa 5, kwa hiyo mapigo matatu humwangusha. Hapo tuko karibu sana na nafasi zetu tatu za majeraha. Askari huyo huyo kwenye ngazi ya tano ana pointi 44 na anahitaji mapigo tisa. Isitoshe, usingizi wa saa 8 humrudishia pointi zote, na aliyeanguka hadi 0 akitibiwa kidogo husimama na kupigana kana kwamba hakuna kilichotokea. Mchezo uliojengwa juu ya hofu ya jeraha hauwezi kuishi ndani ya kanuni hizo bila marekebisho.

Tuliyarekebisha kwa mambo matatu, na nayapendekeza kwa mpangilio huu. Kwanza, punguza kasi ya kupanda ngazi na upange visa vyako vya mwanzo kati ya ngazi ya 1 na ya 4, kwa sababu kwenye ngazi ya 5 nguvu za wahusika huruka ghafla: askari hupiga mara mbili kwa zamu, na mganga hupata moto unaolipuka na kuchoma kundi zima kwa dadu nane za pande sita. Pili, tumia utaratibu wa mapumziko marefu uliomo katika mwongozo wa msimulizi wa 2014, ambapo pumziko fupi ni saa 8 na pumziko kamili ni siku 7. Safari ya miguu kutoka Kano hadi Gwassi hupata uzito wake tena, na kijiji kinachokupokea kwa wiki nzima kinakuwa na maana, jambo linalorudi moja kwa moja kwenye Heshima.

Tatu, kila mhusika anayefika pointi 0 na kunusurika apate daraja moja la uchovu. Hapa tuliazima kutoka marekebisho ya 2024, ambayo ni rahisi kukumbuka: kila daraja hupunguza 2 kwenye kila mrusho wa dadu ya pande 20, na la sita huua. Pumziko kamili huondoa daraja moja, na kwa kuwa kwetu pumziko hilo ni wiki, mtu aliyeanguka mara mbili katika kisa kimoja hulibeba jeraha lake kwa nusu mwezi wa mchezo. Hofu ilirudi mezani siku ile ile tulipoanza kutumia kanuni hii.

Hatua ya sita: uganga

Orodha ya uganga ya toleo la tano ni kubwa, na sehemu nyingi unaweza kuzipokea kama zilivyo. Tatizo hujitokeza pale jambo ambalo katika nchi yako ni la kawaida limewekwa katika kanuni kama jambo la miungu. Mfano wetu ni mvua. Bunyore, katika kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi unajulikana kwa kizazi baada ya kizazi kuwa wajuzi wa mvua, na mchezo wa Magharibi usio na mganga wa mvua una upungufu. Lakini uganga wa kutawala hali ya hewa katika hati ya 5.1 ni wa daraja la nane, ambalo mhusika hulifikia kwenye ngazi ya 15. Ukiufuata, hakuna mchezaji wako atakayeleta mvua katika maisha ya kundi hilo.

Suluhisho si kuushusha uganga wa daraja la nane hadi la kwanza, kwa sababu unatawala eneo la kilomita nyingi kwa saa 8 na ungevunja kila kisa. Tafuta badala yake ngazi za kupandia ambazo kanuni zenyewe zimeziweka. Uganga mdogo wa mwituni, ambao hautumii nafasi yoyote ya uganga (idadi ya matumizi ambayo mganga hugawiwa), hubashiri hali ya hewa ya saa 24 zijazo. Uganga wa daraja la kwanza wa kuumba maji unaweza kunyesha mvua ndani ya eneo la futi 30 kila upande, yaani kama mita 9, na kuzima moto ulio wazi. Daraja la tatu lina radi inayoitwa kutoka mawinguni, na la nne hutawala maji ya mto. Mganga wetu wa mvua hupanda kwa mpangilio huo, na mtu wa ngazi ya kwanza tayari ana kitu cha kuwapa majirani zake: anajua kesho itakuwaje.

Mvua ya kijiji kizima tuliiweka nje ya nafasi za uganga. Ni tambiko la siku moja linalohitaji watu wasiopungua sita, vifaa vilivyorithiwa na pointi 2 za Heshima, na mrusho wa busara wa kufikia 16. Mganga akishindwa, Heshima imekwenda na mvua haikuja. Mahali popote ambapo uganga wa nchi yako ni wa jamii na si wa mtu mmoja, njia hii ya tambiko itakufaa kuliko kutafuta uganga unaofanana nao kwenye orodha.

Hatua ya saba: viumbe na mashujaa wa masimulizi

Kwa wanyama na maadui wa kawaida, chukua kiumbe kilichopo, badilisha sura yake na uache namba zake. Mamba yumo tayari. Kwa walio wa kipekee lazima ufikirie zaidi, na hakuna mfano bora kuliko Luanda Magere.

Masimulizi ya Waluo yanasema mwili wake ulikuwa jiwe, na mikuki ya maadui ilimgonga na kuanguka. Maadui wakampa binti aolewe naye. Siku moja aliugua, akamwambia mke huyo achanje kivuli chake na kupaka dawa hapo, na mke akaipeleka siri kwao. Katika vita vilivyofuata, mkuki ulipiga kivuli, na shujaa akafa na kugeuka jiwe.

Anza na mwili unaofanana: mpiganaji wa uwanjani aliye katika hati ya 5.1, kiumbe wa changamoto ya 5 (kipimo cha ugumu wake), mwenye kinga ya 16 (namba ambayo mrusho wa anayemshambulia lazima uifikie), pointi 112 za uhai na mapigo matatu ya mkuki kwa zamu yenye nyongeza ya +7. Kisha soma hadithi polepole, sentensi kwa sentensi, na ujiulize kila sentensi inadai nini. Mwili wa jiwe unadai asidhurike kwa silaha. Kanuni zina kinga ya namna hiyo, lakini kwa kawaida huandikwa kwamba inazuia silaha zisizo za kiuganga, na wahusika wa ngazi ya 5 mara nyingi huwa tayari na mkuki mmoja wenye uganga. Ukiinakili kama ilivyo, shujaa ataanguka kwa mkuki huo na siri ya kivuli haitahitajika kamwe. Andika basi kwamba hakuna silaha yoyote inayodhuru mwili wake, na kwamba moto na radi humdhuru nusu tu. Dhidi ya sumu na maradhi usimpe kinga yoyote, kwa maana hadithi yenyewe inasema aliugua na kutibiwa. Mbuni anayempa kinga dhidi ya kila kitu ameacha kuisikiliza.

Kivuli ndicho kinachohitaji kanuni mpya. Shambulio linalolengwa kwenye kivuli humdhuru kikamilifu, na kinga ya kivuli hutegemea jua. Asubuhi na jioni, kivuli kikiwa kirefu, ni 12. Katikati ya asubuhi na ya alasiri ni 15. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana kivuli cha mtu hufupika sana karibu na miguu yake, na hapo kinga ni 19. Mawingu yakifunika jua hakuna kivuli cha kupigwa. Kwa kuwa mwili umefungwa kabisa, tulipunguza pointi zake kutoka 112 hadi 60. Kundi la wahusika wanne wa ngazi ya 5, wenye nyongeza ya +7 na mapigo sita kwa jumla katika raundi, kila pigo likiondoa wastani wa 8, litammaliza jioni kwa raundi mbili na adhuhuri kwa raundi tatu, lakini tu kama wanajua. Wasiojua watapigana na jiwe hadi wachoke.

Kwa hiyo siri iwe na njia za kuipata, na ziwe zaidi ya mbili, kwa kuwa wachezaji hupitwa na dalili ambazo msimulizi anaziona wazi. Sisi tuliweka mtabibu aliyechuma majani ya dawa bila kuombwa kumgusa mgonjwa, mke anayetamani kurudi kwao, na askari wanaokataa kukanyaga mahali fulani anaposimama mkuu wao.

Jambo moja zaidi kuhusu maadui wa pekee. Katika toleo la tano, adui mmoja anayekabili wahusika wanne huwa na zamu moja dhidi ya nne, na hushindwa hata akiwa na namba kubwa. Kanuni zina dawa ya matendo ya ziada kati ya zamu za wachezaji, na inafaa kwa dubwana lisilo na wenzake. Luanda Magere alikuwa kiongozi wa vita, kwa hiyo mpe askari wanne wa kumlinda.

Hatua ya nane: mali

Hapa kazi ni ndogo. Orodha ya bei katika hati ya 5.1 ina mifugo: ng'ombe ni vipande 10 vya dhahabu, mbuzi ni 1, kondoo ni 2. Mkuki pia ni 1, yaani mbuzi mmoja. Futa dhahabu, hesabu kwa ng'ombe na mbuzi, na orodha nzima itasomeka bila marekebisho makubwa. Vazi kamili la chuma, lenye bei ya 1,500, linakuwa ng'ombe 150, na hilo peke yake linaeleza kwa nini hakuna anayelivaa.

Hatua ya tisa: jaribu tukio moja kwa kanuni zote mbili

Usianze majaribio kwa kisa kizima. Chagua tukio moja ambalo kundi lako linalijua vizuri, lichezeni kwa kanuni za zamani, kisha kwa kanuni mpya, kwa wahusika wale wale, huku mtu mmoja akiandika raundi, mapigo na walioanguka. Sisi tulichagua mtumbwi unaotoka ufukwe wa Dunga na kukutana na kiboko. Katika kanuni za zamani hilo lilikuwa tukio la kukimbia, na hakuna aliyefikiria kumuua mnyama huyo.

Tulimjenga kiboko juu ya kifaru wa hati ya 5.1: kinga 11, pointi 45, pigo moja la +7 linaloondoa wastani wa 14. Tukampa uwezo wa kuogelea. Wahusika wanne wa ngazi ya 3 wenye +5 humpata kwa asilimia 75, kila pigo likiondoa 7 na nusu, jumla zaidi ya 22 kwa raundi. Kiboko alikufa katika raundi ya pili. Wengi wangeongeza pointi zake hadi 100, na hapo wangepata vita virefu visivyo na hofu.

Tulichobadilisha ni mwenendo. Kifaru huwa na uwezo wa kukimbia na kumwangusha chini mtu anayepigwa naye, kwa namba ya kufikia 15. Uwezo huo tuliugeuza: kiboko akigonga mtumbwi, kila aliyemo arushe dadu ya wepesi kufikia 15 au aanguke majini. Kisha huzama mwishoni mwa zamu yake. Asiyeonekana ni vigumu kumpiga, kwa hiyo wachezaji hulazimika kuitunza zamu yao wakisubiri aibuke, na hupata pigo moja moja tu, huku asiye na ujuzi akiangukia majini mara nyingi kuliko anavyobaki mtumbwini. Namba za kinga na uhai zilibaki zile zile. Wachezaji walipiga makasia kurudi ufukweni, kama zamani.

Baada ya tukio kukaa sawa, hamisha wahusika wanaoendelea. Kaa na kila mchezaji, mwombe ataje mambo matatu ambayo mhusika wake huyafanya vyema, na mhesabu pamoja kama karatasi mpya inampa uwezekano ule ule. Inapopungua kwa zaidi ya asilimia 10, mpandishe ngazi moja au umpe umahiri katika jambo hilo. Usimwache mchezaji agundue upungufu huo katikati ya vita.

Hatua ya kumi: andika na usambaze

Weka tamko la chanzo neno kwa neno kama hati yenyewe inavyolitoa, na kwenye jalada unaruhusiwa kusema kwamba kazi yako inaoana na toleo la tano. Eleza kanuni ulizobadilisha katika ukurasa mmoja wa mwanzo, kwa sababu mchezaji anayezijua kanuni za kawaida anataka kujua tofauti tu: kwetu ni namba 12 na 16, mapumziko ya wiki, uchovu wa aliyeanguka, matambiko na Heshima.

Masimulizi unayoyatumia yana wenyewe. Waulize wazee kabla ya kuandika, na uwe tayari kuacha wanachokuomba uache. Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyo karibu na Kisumu, kwa mfano, ni mahali ambapo watu huenda kusali hadi leo, na sisi hatukuweka adui wala hazina pale. Katika ramani yetu ni mahali pa kupumzika, ambapo Heshima haiwezi kushuka. Karatasi ya mhusika ichapishwe kwa Kiswahili, pande mbili za karatasi moja ya A4, bila picha za rangi, ili mtu yeyote aweze kuitoa nakala kwenye saiba iliyo karibu naye, na uandike namba ya toleo na mwaka kwenye kona ya chini ili kundi la Nakuru na la Kisumu wajue wanatumia kanuni zile zile.